Koti yangu iliombewa

Hapa kijijini Ngungu wote wanajua mimi siamini Mungu. Wivu, huo niko nao wa kutosha. Muke wangu Zawadi aliingia mu kikundi cha maombi cha Papa Yonasi, mwanaume wa sauti nzuri kuliko yangu. Tangu siku hiyo Papa Yonasi njo anaamua kitambaa gani Zawadi afunge kichwani, na kama anaruhusiwa kula na mimi mupagani.

Juzi nikamuona Zawadi anaficha koti yangu, ile Mubeleji mwenye mashamba ya plantasyo aliniachia siku za uhuru, chini ya kikwembe alichojifunga, anashuka nayo kwa Papa Yonasi. Kumbe sasa anamuvalisha nguo zangu! Nikamufuata mu mashamba ya maharagi, matope mpaka magoti, nikapiga mulango teke.

"Yonasi, vua koti yangu!"

Hakuna aliyeivaa. Ilikuwa imelazwa juu ya kiti, watu wote wamepiga magoti kuizunguka, Zawadi analia.

"Tuliombea nguo yake ili mwenyewe akuje," Papa Yonasi akapaza sauti. "Muangalie, amekuja mbio!"

Wakaanza kuimba. Zawadi akanikumbatia, akaninong'oneza: "Najua ni wivu njo umekuleta. Piga magoti."

Nikapiga.