Nilimcheka Mpagazi wa Mjukuu Wangu Kabla Hajamaliza Kumtengeneza

Nyie wajukuu, mmepotea wapi? Mchana kutwa mnakodolea simu, lakini kwa bibi zenu hamfiki mpaka mtangaziwe msiba. Haya, leo mmenikuta, kaeni. Anayeandika ni jirani yangu. Mimi shule sikuiona hata mlango. Nimemwambia asinirembeshee.

Nina miaka sabini na kitu, mjane, naishi Itetemia hapa Tabora. Binti yangu alifariki akaniachia mtoto wa kike, nimwite Kabula, jina lake nalificha. Nimemlea mwenyewe. Sasa ana miaka ishirini na minne, yuko Dar, anatengeneza magemu ya kompyuta. Mwaka jana, karanga zimetoka shamba, akaja na gemu lake la wapagazi, wale watu wetu wa zamani waliobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku hadi pwani. Akaniambia, "Bibi, halijaisha. Nataka ulione wewe kabla ya watu. Niambie palipokosewa na palipo sawa."

Uani tulikuwa kina mama watano, tunamenya karanga. Akaliwasha. Jamani! Mpagazi hana uso. Miguu haigusi ardhi. Kufika mtoni akazama na mzigo wake, akaibukia juu ya mti!

Kwetu Wanyamwezi, bibi na mjukuu ni watani. Mimi namwita mke mwenzangu, yeye ananiita kikongwe. Basi nikaropoka: "Mke mwenzangu, miaka mitatu unakula ugali wa mjini, ndiyo umezaa jini? Huyu ni mpagazi au kanzu iliyoanguka kambani? Katupe huko!" Wakacheka mpaka karanga zikamwagika. Kabula naye akacheka, nikajua yameishia hapo.

Kumbe mmoja wetu alikuwa anarekodi. Akarusha mitandaoni. Wasiojua utani wetu wakaandika, "Hata bibi yake kalikataa." Wenzake aliokuwa analitengeneza nao wakajitoa. Siku moja akanipigia: "Bibi, nimelifuta." Akakata. Huu ni mwezi wa saba tangu siku hiyo, simu yangu hapokei. Ananitumia sukari na dawa ya presha kwa basi, salamu hamna.

Sasa hili sijamwambia mtu. Mle ndani ya gemu mpagazi alikuwa akihamisha mzigo, bega hili kwenda lile, anaguna, "Mayu we," yaani mama yangu. Ndivyo alivyokuwa akiguna babu yangu, aliyeibeba kweli ile mizigo, kila akiinuka kitini, hata uzeeni. Nilimsimulia Kabula nikiwa nimembeba mgongoni. Hakusahau! Niliposikia ule mguno machozi yakanijia, nikaona haya mbele ya wenzangu, nikacheka kwa nguvu kuyafunika. Kasoro nilizitangaza zote. Lililo zuri nikalimeza.

Na mimi ni mzaliwa wa Sikonge, kwenye asali! Marehemu mume wangu siku moja alirina masega nyuki hawajayafunika kwa nta, asali haijaiva, maji matupu, akarudi analaumu nyuki. Nikamwambia, "Nyuki wana kosa gani? Wewe ndiye umewahi." Ya nyuki niliyajua. Ya mjukuu wangu yakanishinda.

Nyie mnaozijua kazi hizi, nipeni akili. Gemu likishafutwa, linarudishika? Nikirekodiwa tena nikisema yote, mabaya na mazuri, ataniamini, au ataona namwonea huruma tu? Nipande basi nimfuate?

Na wewe Kabula, kama unasoma: siku ukija pita mlango wa uani, usibishe hodi. Njoo na gemu lako hata kama mpagazi bado hana uso. Watu nitawafukuza, mdomo wangu nitaujaza karanga mpaka gemu liishe. Ila usianzie mtoni. Anzia pale anapobadili bega.