Vigingi vya Kuwambia Ngozi

Mwaka niliochumbiwa, Mjerumani mpima ardhi alipita huku kwetu karibu na Zuzu, akikokota mnyororo wake na kupigilia vigingi. Askari wake alitueleza kwamba wakubwa wa Ulaya walikwisha kugawana bara zima wakiwa wamekaa mezani; ilibaki kazi ndogo tu, kutugawa sisi kati ya maakida wawili. Baba akauliza kama hao wa mezani waliwahi kumwona hata mbuzi wetu mmoja. Askari alicheka, akaomba togwa.

Mimi sikucheka. Kwa mchumba wangu kuliangukia ng'ambo ya vigingi, na ng'ombe walikatazwa kuvuka, eti kwa kuogopa ugonjwa wa sotoka. Bila ng'ombe wa mahari hakuna ndoa, na yule kijana nilikuwa nampenda, sioni haya kusema.

Mama siku hiyo hakuwepo. Habari za mipaka hakuzisikia. Akitoka kisimani aliona vigingi vya mbao ngumu, vimenyooka, vimechongwa ncha, havina mwenyewe. Kwetu kigingi cha namna ile kina kazi moja, kuwambia ngozi. Aling'oa kumi na viwili, akaiwamba uwanjani ngozi ya kulalia aliyokuwa akiniandalia kwa harusi.

Mpima aliporudi, aliiangalia ngozi, akaviangalia vigingi vyake, akaiva uso kama nyanya. Mama akamchangamkia.

"Mbukwa, baba! Umekuja kuiona ngozi ya mwanangu? Nzuri, ila bado mbichi."

Askari aliyekuwa akitafsiri aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mpima akaamuru aonyeshwe mahali vilipong'olewa. Mifugo ilikuwa imekwisha kuyakanyaga mashimo yote, basi mama akatangulia mbele, akapita boma la wakwe zangu, akaenda mbali kidogo, akasimama.

"Hapa," alisema, bila kupepesa macho.

Mpaka leo sijui kama alisahau au alikuwa keshaelewa. Mpima alikuwa na kiu na jua lilikuwa kali, akapigilia palepale. Wiki ile ng'ombe wangu walikuja mchana kweupe, na nilicheza ngoma hadi kifundo cha mguu kikavimba.

Lakini mpaka mpya nao ulimwacha ng'ambo mama mdogo, aliyekuwa akikaa mbele zaidi, kupita wakwe zangu. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Zamani kila kiangazi alihamia kwetu na mifugo yake, tukala pamoja. Tangu hapo akawa anakuja peke yake, kwa siku moja, halafu hakuja. Mjerumani alipoondoka, waliomfuata waliuacha mpaka vilevile, na sisi tukauzoea. Hilo linanikera mpaka kesho.

Juzi mama mdogo alifariki, nikaenda kuzika. Mjukuu wake, binti mwenye adabu zake, alinipokea mzigo.

"Shikamoo, bibi. Nyie ndio wa upande ule?"

"Marahaba. Mimi ni mtoto wa nyumba hii."

Akatabasamu kwa heshima, akanipeleka kukaa na wageni.