Ngozi Zilizobaki Shimoni

Mume wangu nilimpata kwa ugomvi. Naanzia hapo kwa sababu watu wakisikia yaliyofuata hudhani tulikuwa wanandoa wapole wa kanisani, na sisi hatukuwa hivyo hata kidogo.

Nilikuwa naishi kwa kaka zangu pembeni mwa Kolwezi, karibu na kijito kilichopita chini ya kiwanda kidogo cha ngozi. Wanawake wa mtaa tuliloweka mihogo yetu humo mpaka ilainike, ndipo tuianike na kuitwanga unga wa bukari, ugali wetu. Kiwanda kilitengeneza ngozi kwa chumvi ya kromu, haraka haraka, na maji yake machafu yalishuka moja kwa moja kwetu. Asubuhi moja nilikuta mihogo yangu yote imegeuka rangi ya buluu inayoelekea kijani, inanuka yai viza. Niliijaza kwenye beseni, nikapanda nayo hadi getini, na mfanyakazi wa kwanza aliyetoka nikammwagia miguuni.

"Kula!" nikamwambia. "Si ni chakula yenu hii? Kula basi!"

Nilitegemea matusi. Yeye aliinama, akaokota muhogo mmoja, akaunusa. "Uko na haki, mama," akasema. "Ata mi siwezi kulisha mutu hii."

Baada ya siku chache alikuja nyumbani na mihogo aliyonunua soko la Manika, na akaendelea kuja hata mihogo ilipokwisha. Kaka zangu hawakumtaka. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi migodini, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, katika kambi ya wafanyakazi. Kasai hakuwahi kuikanyaga, na Kiluba chake cha kule kilikuwa kinawachekesha bibi zake mwenyewe. Nilimweleza hivyo kaka yangu mkubwa. Akanijibu kwamba mtu ni wa alikotoka babu yake. Nina kichwa kigumu, nikaolewa.

Kisha migodi ikaanza kuanguka. Mishahara ilichelewa, halafu ikakoma, na dawa za kiwandani hazikufika tena. Kiwanda kikafungwa. Wenzake walikaa vibarazani kama watu walio matangani, lakini yeye alianza kuchimba mashimo nyuma ya nyumba, anapiga mluzi. Nilidhani amerukwa na akili. Kumbe tangu siku ya beseni alikuwa akiwaza namna ya kutengeneza ngozi isiyomtia mtu sumu.

Manyoya aliyaondoa kwa maji ya majivu, badala ya ile dawa inayonuka mayai viza. Badala ya kromu alitumia magome ya miti ya porini, yaliyotwangwa na kulowekwa mpaka maji yawe kama chai iliyolala. Nikamuuliza kama sasa atauvua msitu nguo. Akacheka. "Muti ukitoa ngozi yake yote unakufa," akasema. "Mi nataka ngozi ya ng'ombe, hapana ya muti." Magome aliyapata kwa wachoma makaa, kwenye magogo waliyokwisha kuyaangusha. Manyoya aliyafukia shambani yaoze yawe mbolea. Maji yaliyochoka aliyachuja kwenye shimo la mchanga kabla ya kuyaelekeza kwenye migomba. Sikumwamini. Nililoweka mihogo kijitoni, chini kabisa ya mashimo yake, na ikatoka nyeupe kama zamani. Siku hiyo nilimpikia bukari kubwa na sombe ya majani ya muhogo, nikakaa nikimtazama anavyokula. Nilimpenda sana.

Tatizo lilikuwa muda. Ngozi ya mbuzi huiva kwa magome katika wiki kadhaa, lakini ngozi nene ya ng'ombe, ya kutengenezea soli, inataka miezi mingi. Kila siku lazima igeuzwe, kisha ihamishwe polepole kutoka shimo la maji hafifu kwenda la maji makali. Ukiitoa mapema, inaoza. Mali yetu yote tuliitia katika ngozi za ng'ombe kutoka machinjioni, tukazilaza shimoni na kungoja.

Zilikuwa bado mbichi kulipoanza kufukuzwa kwa watu. Kwenye mikutano wanasiasa walisema mkoa wetu wa Katanga ni wa Wakatanga. Watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana waliokuja mlangoni kwetu na mapanga niliwajua. Mmoja wao alikuwa amevaa mshipi aliotengenezewa na mume wangu. Walitupa muda wa kuondoka, mpaka jioni.

Kaka yangu alikuja mbio, kwa ajili yangu tu. "Weye ubakie," akasema. "Hamuna ata mutoto. Utalia, utanyamaza."

Nilifunga mizigo yangu bila kumjibu. Lakini mume wangu mwenyewe akaifungua. Alisema mimi ni wa hapa, hakuna atakayenigusa. Ngozi zikiiva nimfuate nazo, tuanze maisha nazo huko tusikokujua. Tukiziacha tutafika mikono mitupu.

"Mi siko imbwa ya kulinda ngozi!" nilimpigia kelele mpaka majirani wakasikia. Alinishika mikono, akarudia maneno yale yale kwa upole, na mimi upole siujui dawa yake. Nikabaki.

Pale stesheni waliofukuzwa walikaa wiki baada ya wiki wakingoja treni, chini ya nailoni na mashuka, na surua ikawa inawachukua watoto. Kila siku nilimpelekea chakula. Kila siku aliuliza habari za ngozi. Maji yana rangi gani? Nimezigeuza? Akanifundisha kukata kipande kidogo kwenye bega la ngozi: nikiona mstari mweupe katikati, bado haijaiva. Siku moja nikalipuka. "Siku gani utaniuliza mi niko namna gani?"

Alifuta uso kwa kanga yangu. "Nikikuuliza weye," akasema, "sitaweza kupanda treni."

Treni ilikuja bila kutangazwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nahamisha ngozi kwenda kwenye maji makali, kama alivyoniagiza, na nilipofika na chakula nilikuta mafiga, majivu na nzi. Mzee aliyekuwa anafagia reli akanihurumia. "Ilishaenda, mama," akasema. "Balijazana mpaka ku paa." Nikakaa chini na sufuria yangu. Nilikuwa na hasira na treni, na kaka zangu, na yeye, na zaidi na zile ngozi. Nilirudi nyumbani nikachukua jembe ili niyafukie mashimo yote. Nilitupa udongo mara moja tu, kisha nikaingia mwenyewe shimoni kuutoa kwa mikono, nalia kwa sauti.

Nikazigeuza. Mvua zikaja, zikaisha. Nilikata kipande begani na kuona mstari mweupe; baadaye ukawa mwembamba kama uzi; baadaye nikakata na kukuta kahawia tupu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilizikausha kivulini, nikazikunja na kupanda treni. Hakuna ndugu aliyenisindikiza. Tulipita Tenke, tukapita Kamina, treni ikisimama porini bila sababu, na mimi nimekalia mzigo wangu nisiibiwe, napanga maneno ya kumgombeza nayo nikifika.

Mwene-Ditu, mji wa Kasai ambako treni ziliwashusha, kulijaa watu waliofukuzwa. Niliulizia kambi hadi kambi, mpaka mwanamke aliyekuwa akipika jirani na mume wangu pale stesheni akanitambua. Alinikalisha kwanza. Akaniambia alikufa ndani ya behewa, kwa kuhara, kabla hawajafika Kamina. Treni iliposimama walimzika pamoja na wengine kando ya reli. Mahali hakupajua, ni miti tu, akasema. Kumbe nilikuwa nimempita njiani.

Nililala kwake siku nyingi sielewi kitu. Nilipoinuka nilibeba ngozi hadi sokoni, kwa kuwa sikujua pa kwenda nazo. Fundi viatu mmoja, naye amefukuzwa kutoka Likasi na bado anaongea Kiswahili chetu, aliikunja moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa.

"Haina dawa ya kiwanda," akasema. "Hii nani aliitengeneza?"

"Bwana yangu."

"Eko anajua kazi. Umuambie alete ingine."

Nikamwambia nitamwambia.