Mgongo wa Mama Ngari

Siku hizi ukipita kwenye kile kiwanda cha kahawa kilicho juu ya Runyenjes, utakuta meza za kuanikia zimeoza na mitaro iliyokuwa ikibubujika maji mchana kutwa imejaa majani. Inauma. Miaka ile ya themanini, msimu wa mavuno, harufu ya maganda ya kahawa ilikupokea ukiwa bado barabarani, na akina mama waliteremka na mizigo mgongoni wakitaniana na kucheka. Miongoni mwao alikuwa mjane mmoja, Ciakuthii, ingawa wengi walimwita Mama Ngari kwa jina la mwanawe.

Mungu alimpa urefu, naye akauficha. Alibeba kuni na maji kwa mkanda wa kichwani kama wanawake wote wa kwao, lakini wenzake wakitua mzigo walinyooka. Yeye alibaki ameinama, macho chini, kwa kuwa alipoolewa aliambiwa kwamba mke anayempita mumewe kwa kimo humtia aibu. Mume akafa, aibu ikabaki. Kanisani walimsifu: mama mnyenyekevu yule! Sifa za bure hizo. Mama wa watu alikuwa anaumwa shingo.

Kiwandani unyenyekevu huo ulimponza. Njuki, karani wa kupokea kahawa, alikuwa na mazoea yake. Mzee akija kifua mbele, gunia lake lilikwenda moja kwa moja kwenye mizani, na safari njema. Mama Ngari akija na kichwa chini, Njuki aliona mtu mwenye jambo la kuficha.

"Mama Ngari, enda uchague tena. Hii iko na mbichi mingi."

Naye alirudi kwenye turubai, akachambua upya kahawa aliyokwisha kuichambua nyumbani. Siku moja mgongo ulimkatalia kabisa, akamwomba shemeji yake Gitari ampelekee gunia lilelile lililokuwa limekataliwa. Gitari akaenda akipiga mluzi, akalibwaga mbele ya Njuki bila hata kumsalimu. Likapokelewa. Mama Ngari aliyaona hayo akiwa pale kwenye turubai. Kumbe miaka yote hiyo haikuwa kahawa iliyokuwa ikikataliwa!

Uchaguzi wa kamati ya kiwanda ulipotangazwa, akajitokeza. Alitaka jambo moja tu: kukaa pale kwenye mizani, ili pasiwe na mwanamke wa kurudishwa kabla kahawa yake haijatazamwa. Watu walicheka. Mwanamke, na tena yule aliyejikunja!

Enzi hizo kura ilikuwa ya mlolongo. Wagombea walisimama mbele wakiwapa watu mgongo, na kila mtu akapanga foleni nyuma ya amtakaye. Mgombea hakutakiwa kugeuka. Akianza kutapatapa, watu waliona, na foleni yake ikayeyuka hivihivi. Rafiki yake Marcella, fundi wa kushona pale sokoni, alimshonea rinda jipya la buluu, akamwonya, "Siku hiyo usiiname, mwenzangu. Watu wataangalia mgongo wako tu, hakuna kitu kingine."

Asubuhi ya uchaguzi Mama Ngari alisimama kando ya mzee Mbaka, mwanakamati wa miaka mingi. Akavuta pumzi, akanyooka. Hapo ndipo mambo yalipochacha. Marcella huyohuyo mtoa maonyo alikuwa amempima akiwa ameinama, kama alivyozoea kumpima siku zote, na sasa aliponyooka pindo la mbele lilipanda juu, magoti yakawa nje. Mjane wa kanisa, magoti nje mbele ya mkutano! Wanaume waliokaa kwenye ukuta uliomkabili wakaangua kicheko.

"Mama Ngari, inama kidogo rinda ishuke!" mmoja wao akapaza sauti.

Alitaka sana kuinama. Jasho lilimtoka, mikono ikavutwa kulielekea lile pindo. Kuinama kungemwondolea aibu, na kungemaliza pia habari yake pale kiwandani. Akakaza roho, akaiacha mikono ining'inie, akatazama migomba iliyokuwa ng'ambo ya mto. Nyuma yake palikuwa kimya. Kisha akasikia nyayo, za mtu mmoja, halafu za wengi, na kukohoa kwa watu karibu na mabega yake. Hakugeuka. Ofisa wa uchaguzi alipowaruhusu wagombea watazame, foleni yake ilikuwa imepinda hadi kwenye matangi ya kuoshea kahawa. Marcella alikuwa wa kwanza kwenye mstari, analia na kucheka kwa pamoja.

"Haki ya Mungu, nitalishona upya!"

Mama Ngari ni mzee sasa. Wajukuu hupenda awasimulie habari ya siku ile ya magoti, naye huwasimulia kwa madaha mpaka wanavunjika mbavu. Lakini akibaki peke yake, humkumbuka Muthoni.

Muthoni alikuwa bibi harusi mgeni pale kijijini. Alifika kwenye mizani katika wiki ya kwanza ya Mama Ngari kazini, jioni, foleni ikiwa ndefu na watu wakilalamika. Aliweka gunia lake chini na kusimama mabega yamemwanguka, macho kwenye vidole vya miguu.

"Enda uchague tena," Mama Ngari akasema, akamwita anayefuata.

Msichana hakubisha. Alijitwika gunia, akaenda zake. Mama Ngari alikuwa amekwisha kupima gunia jingine alipogutuka kwamba lile la Muthoni hakulifungua. Hakuwa ametazama hata tunda moja. Aliiacha mizani na foleni yake, akakimbia hadi kwenye turubai, akamkuta Muthoni amepiga magoti na kahawa imemwagwa mbele yake. Yote ilikuwa nyekundu, safi. Muthoni alipoona mtu amesimama juu yake, alijikunyata zaidi.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nitachagua vizuri."

Mama Ngari akapiga magoti kando yake. Akaanza kuirudisha kahawa ile guniani kwa mikono miwili, huku machozi yakimtoka.