Kati ya Magoti ya Mama Mkwe

Hapa kwetu Gondar, harusi ikiwa kesho, mama wa nyumba husuka wanawake wote wa ukoo kwa mkono wake mwenyewe. Bahati mbaya nilitangulia mimi. Tangu nijifungue nywele zangu zilikuwa zikipukutika, nami nikaficha aibu yangu chini ya shela. Sasa mama mkwe, Etalemahu, alikuwa amenibana kichwa kati ya magoti yake, siagi ya kulainishia nywele ikinichuruzika shingoni, na pa kukimbilia sina. Nyuma yangu mawifi wanne, nao bado wamejifunika shela, walisubiri zamu wakicheka.

Kitana kikapita mara moja tu.

"Yeshimebet, mwanangu, nini hiki?" Akainua fungu la nywele, kubwa kama kiota cha ndege.

"Kanyonyoka kama kuku wa sikukuu!" akadakia wifi yangu Tirunesh.

"Kicheko chako nimekisikia, Tirunesh. Haya, vua shela kabisa, unafuata wewe."

Tirunesh akakumbuka chungu jikoni. Wenzake nao, mmoja mmoja, wakakumbuka vyungu vyao, wakatokomea.

Nikabaki nimebanwa palepale, nikilitazama jiko kupitia mlango uliokuwa wazi.

Moto ulikuwa haujawashwa.