Filta Nyekundu ya Shemeji

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi ukungu mzito, manyunyu, baridi ya makoti mawili.

Siku hiyo gari langu, linalonguruma kama simba, lilipitwa na baiskeli ya mikate. Mlimani!

Muuza mikate akanipungia mkono. Mshenzi.

Mbaya wangu nilimjua: Shemeji, mdogo wa mke wangu, anayekula kwangu miezi saba sasa huku akijiita Injinia.

Wiki mbili kabla, alikuwa amening'olea filta ya hewa ya karatasi na boksi lake, akafunga filta nyekundu isiyo na boksi, yenye umbo la koni: likoni likubwa.

"Shemeji, sasa injini inapumua! Sikia sauti!"

"Mashine ya kusaga nayo ina sauti. Umeiona ikienda mahali?"

Mimi si mbumbumbu. Nina miaka hamsini na mbili, nasoma ufundi magari jioni, na sifungui daftari kabla ya kuomba.

Nikamwambia mke wangu, "Gari ndilo linalotulisha. Jumatatu mdogo wako anahama."

"Aende wapi, baba watoto?" Akalia.

Jioni nikawapeleka wote wawili darasani. Nilitaka Injinia aumbuke hadharani.

Nikamsimulia Mwalimu kisa cha baiskeli, akafungua boneti.

"Likoni hili linavuta hewa ya moto ya injini. Nguvu haiongezeki. Kelele tu."

"Umesikia, Injinia?" Nikacheka mpaka nikakohoa.

"Ngoja, mzee. Kwa hilo tu usingepitwa na baiskeli," Mwalimu akasema.

Akachomoa sensa inayopima hewa, akaigusa kwa kitambaa cheupe. Mafuta. Akaliminya likoni, yakachuruzika.

"Sensa ikichafuka hivi, injini haipati nguvu. Nani kamwaga mafuta humu?"

"Mimi nililifunga kama lilivyotoka dukani," Shemeji akasema.

Mwalimu akanusa. "Mafuta ya zeituni?"

Mke wangu akanigeukia taratibu. "Baba watoto. Chupa yangu ya maombi iko wapi?"

Ikabidi nikiri.

Jumatatu iliyopita, alfajiri, nililiombea gari dhidi ya uzembe wa Shemeji. Nikalipaka likoni mafuta. Chupa nzima.

Darasa zima likaangua kicheko. Shemeji peke yake hakucheka.

Sensa ikasafishwa, filta mpya ya karatasi ikakaa kwenye boksi lake, gari likapanda mlima kwa adabu.

Ndugu zangu, filta ya karatasi inatosha; msinunue kelele. Na kabla ya kumcheka mtu, kagueni mikono yenu.

Tuliporudi darasani, nikasimama mbele ya Mwalimu, wanafunzi na mke wangu, nikatamka kwa sauti:

"Shemeji hahami. Na kuanzia leo, gari nitaliombea kwa mdomo tu, mikono mfukoni."