Ramani Niliyoibeba Mgongoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fimbo. Ilikuwa ndefu kunipita, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe, jina lake jaloni. Unaisimamisha wima ili mpimaji aliye mbali aione kwenye darubini yake. Familia yetu ilikuwa imerudi Cyangugu, Rwanda, juzi tu kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, na Kinyarwanda changu kiliwavunja watu mbavu. Chef topographe, mkuu wa wapimaji, alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya bonde: "Wee wa Bukavu! Simama kama muntu, usiegemee kama mugomba wenye ndizi!" Nikanyooka. Kazi ya barabara niliianza hivyo, na nimeimaliza mvi kichwani.

Ninyi mnaopima leo kwa vyombo vinavyoongea na setilaiti mtacheka, chekeni tu. Sisi tulipima kwa miguu. Kule Nyakabuye, joto la bonde la Bugarama likitupiga, nilipigilia piketi, vigingi vya mti vyenye namba vinavyoonyesha njia itapita wapi. Asubuhi tulikuta nusu yake zimeng'olewa, zimekuwa kuni. Nilitukana sana. Lakini conducteur, msimamizi wetu wa kazi, hakutukana mtu. Kila jioni kabla ya kurudi alitandaza ramani juu ya boneti ya gari akaita waliokuwa wanapita: "Mukuje muone. Njia ni yenu, sisi tunapita tu." Akina mama walitua mizigo, wakatafuta kisima chao, shamba lao, wakabishana naye. Baada ya wiki moja hakuna piketi iliyong'olewa tena. Nilimwona ni mzee mwenye maneno mengi. Laiti ningejua!

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Giheke, kwenye kazi ya kupanua barabara kubwa. Mkuu wetu sasa alikuwa chef de mission, bwana msafi, mpole, asiyepandisha sauti. Mimi nilipewa rangi nyekundu na brashi. Kuna kitu tunaita emprise: ni upana wote ambao barabara inachukua, pamoja na mitaro yake. Nyumba iliyo ndani ya emprise inaandikwa namba ukutani. Na tangu siku ya namba, mwenyewe haongezi kitu. Hapigi lipu, hapandi kahawa, habadilishi bati, kwa sababu kitakachoongezwa baada ya namba hakihesabiwi kwenye fidia. Sheria hiyo niliitangaza mwenyewe kwenye mkutano, kwa sauti kubwa, nikiwa na koti la kazi.

Nyumba moja niliyoiandika ilikuwa ya Maman Furaha, mjane. Kila siku alivusha nyanya kwenye daraja la mpakani, Rusizi II, kwenda kuuza Bukavu. Alizaliwa kule kama mimi, akapanga vyumba vya watu maisha yake yote, na hii ya matofali ya udongo ndiyo nyumba yake ya kwanza. Nilipomaliza kuandika alishika ukuta karibu na rangi mbichi.

"Papa Deo, batakuja kubomoa lini?"

"Habari itatoka, Maman."

"Mimi nilirudi huku ili nisihame tena, unanisikia?"

Nilimsikia. Nikafunga kopo langu.

Miezi ikapita. Wapimaji wakagundua udongo wa upande wa chini umelegea, hauwezi kubeba barabara. Tracé, yaani mstari wa njia, ikasogezwa juu ya kilima. Chef de mission akanipa ramani mpya ndani ya bomba la plastiki lenye mkanda. Niliifungua nikatafuta namba ya Maman Furaha. Ilikuwa nje kabisa. Moyo wangu uliruka kwa furaha, siwafichi.

"Chef, tukabaambie bale ba chini?"

"Haijasainiwa, Papa Deo. Ukisema leo na kesho ikabadilika, nani atajibu? Hiyo ni document ya ndani. Ramani si gazeti."

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nipate pensheni. Nikaikunja ramani, nikairudisha ndani ya bomba. Kila asubuhi nilipita mbele ya mlango wake, bomba mgongoni, na kila asubuhi aliniuliza. Nilimjibu yaleyale: habari itatoka. Alikwenda biro, ofisi ya mradi, wakamtuma wilayani. Wilayani wakamrudisha biro. Barabarani kulikuwa na kibao kikubwa kilichosema kazi itachukua muda gani. Njia itapita wapi, hakikusema.

Bati lake likatoboka juu ya chumba cha kulala. Fundi alikuja na ngazi, yeye akamrudisha. "Tulikatazwa kuongeza kitu," alimwambia, "nisije nikaonekana mwizi." Nilikuwa nimesimama palepale, jamani! Alinitazama mimi, shahidi wake, nami nikatikisa kichwa kukubali. Aliweka beseni kitandani. Maji yakashuka ndani ya ukuta msimu mmoja, kisha wa pili, na ukuta wa udongo ukishalewa maji haufufuki. Ulianguka mchana, akiwa mpakani na nyanya zake, ukavuta paa lote. Majirani walimwambia ashukuru Mungu kwamba hakuwa ndani. Mimi sijui alipaswa kushukuru nini.

Mitambo ilikuja baadaye, ikapita kule juu, hatua chache kutoka kwake, na haikugusa hata ua wake. Yeye alikuwa ameshavuka na magodoro yake kwenda kuishi kwa binti yake Furaha, Bukavu, kwenye chumba cha kupanga.

Siku ya kustaafu walinipa cheti na soda. Chef de mission alisimama akanisifu: "Papa Deo ni muntu wa siri." Wote wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Sasa sina kazi. Barabara ni nzuri kweli, magari yanateleza, na mimi siipendi hata kuiona. Mkinitafuta niwafundishe ufundi, nitawafundisha jaloni na piketi, lakini ule wa kutandaza ramani juu ya boneti niliuona kwa macho yangu na sikuufanya hata siku moja.

Navuka kwenda Bukavu mara kwa mara kumsalimia Maman Furaha. Ananipa kiti, ananikaribisha ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Hanilaumu. Anasema Papa Deo alikuwa mutumishi tu, hata yeye hakuambiwa. Kisha anauliza swali lake, lilelile kila mara: "Lakini ile njia ilitoka kwangu lini? Ilikuwa mbele ya bati kutoboka, ao nyuma?"

Siku naijua. Fundi alipokuja na ngazi yake, bomba lilikuwa mgongoni mwangu.

"Sijui, Maman," namwambia, naye ananiongezea sambaza.